Kwani Mle Simuni Kuna Foleni?

Mwaka 2022 nilipewa kozi ya kufundisha. Mimi ni mwandishi wa habari, nakaa Dodoma, na shughuli zangu nyingi ni Bunge, wizara na safari za wilayani. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha uandishi wa makala kwa wanafunzi wa masafa, wiki 15, kozi nzima mtandaoni. Nikapewa nywila ya Moodle na orodha ya wanafunzi 31, basi. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kufundisha. Na mimi, kwa kiburi cha mtu anayejiona anajua kuandika, sikuona kama kuna cha kuuliza.

Nikachukua darasa nililosomea mwenyewe, lile la ukumbi mkubwa na mhadhiri mbele, nikalihamishia Zoom kama lilivyo. Kila Jumanne saa 2 usiku, saa mbili mfululizo, kamera ziwe wazi. Mahudhurio alama 10. Kazi ziandikwe kwa Word, zipakiwe Moodle Ijumaa kabla ya saa 5:59 usiku. Ikipita dakika moja ni sifuri. Za kusoma zilikuwa sura za vitabu nilizozipiga picha kwa simu nikaziunganisha. Faili la wiki ya pili lilikuwa na MB 38. Sikuona tatizo. Kwangu lilifunguka.

Wiki ya kwanza walikuja 26. Wiki ya nne walikuwa 11, vipande vyeusi vyenye majina, nami naongea peke yangu kama mtu aliyeachwa kwenye spika ya mnadani baada ya watu kuondoka. Nauliza swali, kimya. Nauliza tena, mmoja anaandika "sawa mwalimu". Sawa nini, wakati nimeuliza swali?

Kulikuwa na binti mmoja ambaye jina lake lilikuwa linaingia na kutoka kama mtu anayechungulia mlangoni. Anaingia, sauti inakwaruza, "Mwalimu, shikamoo, nasi...", anapotea. Baada ya dakika tano karudi. Baada ya mbili hayupo. Wiki ya sita uvumilivu ukaniisha. Nikamwandikia, tena si pembeni, bali kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima: "Kama huna nia ya kusoma, mpishe mwingine."

Baada ya kama saa moja akajibu: "Samahani mwalimu."

Nikajiona nimesimamia nidhamu. Makala yake ya kwanza ilikuja Jumatatu badala ya Ijumaa, kwa WhatsApp badala ya Moodle, picha saba za kurasa za daftari badala ya Word. Sikuzifungua hata moja. Nikamtumia nakala ya kanuni za kozi, nikaandika sifuri. Muhula ulipokwisha alikuwa na sapu. Kwa kweli sikumfikiria tena.

Novemba mwaka huohuo nchi ilikuwa kwenye ukame na mgao wa umeme, na mhariri akanituma Mtera kutazama bwawa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma mjini, lami tupu, unapita Mlowa, Fufu, Chipogolo, mibuyu imesimama bila jani hata moja. Barabara ya Iringa inapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe: ukiwa katikati yake, upande mmoja ni maji, upande wa pili ni bonde la Ruaha Mkuu linaloendelea kwenda Kidatu. Mkononi nilikuwa na daftari lenye tarakimu mbili ambazo kila mwandishi anayekuja Mtera huja nazo: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, bwawa likiwa limejaa, na mita 690, kiwango cha chini kabisa cha kuzalishia umeme. Kazi yangu ilikuwa kusema tupo wapi kati ya hizo mbili.

Nilisimama kwenye meza za samaki kando ya barabara kutafuta watu wa kuwahoji. Perege wamekaangwa, wamepangwa kwenye masinia, mafuta yanachemka. Nikamsalimia mama mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu, nikajitambulisha kwa jina na kazi. Nyuma yake binti aliyekuwa anageuza samaki kwenye karai akasimama na mwiko mkononi.

"Mwalimu?"

Alikuwa ameitambua sauti. Mimi sura yake sikuwahi kuiona, kamera yake haikuwahi kuwaka.

Mama yake akanitazama vizuri, kuanzia viatu. "Kumbe ndiye huyu. Huyu mwanangu alikuwa anapanda kule juu usiku, mtandao unakoshika, na kaka yake anakaa pembeni kumlinda, ili akusikilize wewe. Bando la elfu moja linakwisha hujamaliza hata maelezo ya mwanzo. Halafu ukamwambia ampishe mwingine. Ampishe nani, mwanangu? Kwani mle simuni kuna foleni?"

Wenzake wa meza za jirani wakacheka. Mimi nikatafuta pa kuweka macho.

Sapu hakwenda kuifanya. Septemba samaki walikuwa haba, nauli na ada ya mtihani vikaliwa na mambo mengine, akaahirisha mwaka. Aliyasema hayo bila kulalamika, kama anataja bei. Nikamwomba ile makala. Zile picha kwenye simu yangu zilikuwa zimeshapitwa na wakati, hazifunguki tena. Akaenda nyumbani akaniletea daftari lenyewe, lina doa la mafuta kwenye jalada.

Nililisoma usiku gesti. Aliandika kuhusu mama yake na bwawa. Mama huyu haujui mwaka kwa mita za usawa wa bahari. Anaujua kwa hatua. Kutoka mezani kwake hadi mitumbwi inapofikia, mwaka wa maji mengi ni hatua 300. Mwaka wa ukame zinafika 1,400, na beseni liko kichwani. Binti alikuwa amezihesabu mwenyewe, asubuhi tatu tofauti. Kurasa saba, na hakuna mahali aliposema maisha ni magumu. Mimi nilikuwa nimetumwa na gazeti, na gari, na posho, kuja kuandika habari ambayo ilikuwa imelala kwenye simu yangu tangu Mei, na nilikuwa nimeipa sifuri.

Niliporudi niliandika barua idarani kukiri kosa. Nilijibiwa kwamba matokeo yalishapitishwa. Mwanafunzi angeweza kurudia kozi Machi 2023, na kozi ilikuwa bado yangu nikitaka. Nikataka. Lakini nilijua kwamba nikirudi na Zoom yangu ileile, nitamfelisha mara ya pili, kwa upole zaidi.

Msaada wa kwanza niliupata kwa baba yangu. Nilipomweleza kwamba nimeshindwa kufundisha watu nisiowaona, akacheka. "Mbona sisi tulifundishwa hivyohivyo?" Mwaka 1973 alikuwa kijana wa miaka 18 kijijini, kwenye kikundi cha Mtu ni Afya. Wasomaji wa rika langu huenda wanalisikia jina tu. Ilikuwa kampeni ya elimu kwa redio iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa wiki 12, na takribani watu milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo redio yenyewe ilikuwa mali ya kuazimwa. Baba anaikumbuka hivi: redio moja juu ya kiti, watu chini ya mti, kipindi kifupi. Kikiisha, kiongozi wa kikundi anasoma kwa sauti kutoka kwenye kijitabu, maana wengi hawajui kusoma. Kisha wanabishana. Kisha wanaamua jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kusafisha kisima. "Redio haikuwa inafundisha," baba alisema. "Redio ilikuwa inaanzisha maneno."

Hebu tazama vilivyomo: sauti fupi, maandishi ya kubaki nayo, kikundi chenye kiongozi, kazi ya kufanya pale ulipo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji wote wawe hewani kwa saa mbili. Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, wengi wetu tuliongea kana kwamba kufundisha kwa mbali ni jambo lililoingia nchini na ugonjwa. Lakini Chuo Kikuu Huria kipo kwa sheria ya mwaka 1992, na vikundi vya redio vilikuwapo kabla yake. Hata Moodle, ambayo mimi nilikuwa naitumia kama stoo ya kutupia mafaili, ilitengenezwa na mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa waya. Martin Dougiamas, aliyeitoa mwaka 2002, alikulia jangwani Australia Magharibi na alisoma shule ya msingi kwa redio, mbali na darasa lolote. Niliposoma hilo nilirudi kuitazama upya, na ndipo nikaona kwamba programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa na mtandao na kuyasoma ukiwa haupo. Hata jaribio anaweza kulifanya bila mtandao, majibu yakapanda baadaye, ila ni mwalimu atiki kisanduku kimoja kwenye mipangilio. Mwaka mzima sikuwa nimekitiki.

Basi nikaanza upya. Mwalimu mwenzangu wa kozi za mtandaoni, yaliyobaki ni yako hasa.

Wiki ya kwanza sikufundisha kitu. Nilimtumia kila mmoja maswali matano kwa ujumbe wa kawaida: Simu unayosomea ni ya nani? Mtandao unashika wapi na saa ngapi? Kwa wiki unaweza kununua bando la shilingi ngapi? Nani mwingine anaitumia simu hiyo? Kuna kitu gani ungependa nikijue? Majibu yakanivunja moyo, halafu yakanipa ratiba. Karibu nusu walikuwa wanaazima simu au kugawana. Wengi mtandao wao mzuri ulikuwa usiku sana au alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na saa mbili za Zoom, na si ajabu: saa moja ya Zoom yenye picha inaweza kumeza MB mia kadhaa, hata kuzidi GB 1. Dakika tano za sauti ya WhatsApp hazifiki MB 2.

Kwa hiyo mhadhara ukawa sauti. Tatu kwa wiki, kila moja isizidi dakika saba, na kila moja na ukurasa mmoja wa maandishi wenye maneno yaleyale kwa ufupi. Niligundua kwamba dakika saba ni kazi ngumu kuliko saa mbili. Saa mbili unajaza tu. Dakika saba lazima ujue unachosema, uandike kwanza, ukate. Mtangazaji yeyote wa redio angeniambia hivyo bure.

Na kila sauti ikaishia na swali, ambalo lazima ulijibu ndipo ya pili ikufungukie. Hili nililichukua nyumbani. Bibi hakuwa anaanza hadithi mpaka tuitikie. Anasema "Hadithi, hadithi!", sisi "Hadithi njoo!", na tukiitikia kivivu anasema tena. Nilidhani ni mbwembwe. Kumbe alikuwa anahakikisha kwamba kila mtu yupo. Lile ndilo daftari la mahudhurio la kweli, halihitaji kamera.

Mafaili nikayaandika upya badala ya kuyapiga picha. Zile MB 38 zikawa chini ya MB 1. Kila faili likapewa jina linaloeleweka, wiki na mada, kwa sababu mtu anayetafuta somo kwenye simu ya kaka yake hana muda wa kufungua "scan_0047". Kila kitu kikakaa Moodle, sehemu moja tu. WhatsApp ikabaki kuwa kengele ya kuita watu. Mwanzoni nilikuwa nimetawanya vitu Moodle, WhatsApp, barua pepe na Google Classroom, kisha nawalaumu kwamba hawafuatilii. Sasa kila Jumatatu asubuhi ni tangazo moja, mpangilio uleule wiki zote 15: sikiliza hiki, soma hiki, andika hiki, mwisho lini. Ubunifu weka kwenye somo. Tangazo liwe lilelile mpaka wachoke nalo.

Mwisho wa kukusanya kazi ukawa dirisha la siku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu. Picha ya daftari inakubalika. Niliogopa watu watazembea. Wazembe walibaki walewale, waliopona ni wale wa mtandao mbovu.

Kisha vikundi. Watano watano, wanaokaa karibu kadiri inavyowezekana, na mwenyekiti na katibu, kama vya baba. Mwenye bando anapakua, anawarushia wenzake kwa Xender wakikutana. Wanajibu swali la wiki pamoja, katibu anaandika. Zoom haikufa: mara moja kila wiki mbili, dakika 40, sauti bila picha, na ni ya maswali tu. Haina alama na inarekodiwa. Cha kushangaza, ilipoacha kuwa lazima ndipo ilipoanza kuwa na maneno.

Masahihisho nayo nikayageuza. Badala ya mistari myekundu ambayo haisomeki kwenye kioo kidogo, kila mmoja anapata sauti ya dakika mbili kabla ya wiki kwisha: namtaja kwa jina, namsomea sentensi yake moja nzuri, kisha namwonyesha moja ya kurekebisha. Inachosha, sitaficha. Wanafunzi 31 ni zaidi ya saa nzima ya kuongea, bila kuhesabu kusoma. Lakini wengi waliniambia ni mara ya kwanza mwalimu kusoma sentensi yao kwa sauti.

Halafu ikaja ChatGPT, mwisho wa mwaka uleule wa 2022, na muhula uliofuata nikaanza kupokea makala safi, zenye aya nadhifu, zisizo na mtu ndani. Sikufukuzana nazo. Nilibadilisha swali. Badala ya "eleza changamoto za uvuvi Tanzania", nikauliza: nenda mahali unapoweza kufika kwa miguu, hesabu kitu, rudi siku nyingine ukakihesabu tena, mwulize mtu mmoja kwa nini kimebadilika, na uniletee ukurasa wa daftari uliouandikia ukiwa palepale. Mashine haijawahi kubeba beseni. Nadhani mnajua zoezi hilo nililitoa kwa nani.

Yeye alirudi Machi 2023. Hakunirahisishia. Wiki za mwanzo alijibu kila kitu kwa neno moja, na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwomba radhi faraghani wakati tusi lilikuwa la hadharani. Wiki ya tatu nikaandika kwenye kundi, pamoja na wale wachache wa mwaka uliopita waliokuwa wanarudia, kwamba ujumbe ule ulikuwa kosa langu. Hakujibu. Ila Jumatatu yake akauliza swali refu kuhusu namna ya kumhoji mtu ambaye ni mzazi wako. Alifaulu. Ile makala ya hatua aliiandika upya, nikaikata mara mbili, akanikatalia mara mbili, na mara ya pili alikuwa na haki.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani nimepata dawa. Muhula ule wanafunzi wanne walipotea na sijui waliishia wapi, sauti fupi au ndefu. Bando bado ni hela, na hela haitokani na mbinu za mwalimu. Vyuo vinavyotangaza kozi za mtandaoni vinapaswa kujibu swali la bando, si kumwachia mama wa Mtera na meza yake ya perege.

Lakini kuna jambo nililijua siku ile juu ya ukuta na sikulielewa mpaka baadaye. Bwawa la Mtera halikujengwa kwanza kwa ajili ya umeme wake lenyewe. Lilijengwa kuhifadhi maji ya masika ili Kidatu, kule chini, iendelee kuzunguka kiangazi. Mitambo ya Mtera, MW 80, ilikuja mwaka 1988. Wahandisi hawakumlaumu mto kwa kukauka. Walijua utakauka, wakapanga. Mtandao wa wanafunzi wangu ni mto wa namna hiyo. Una masika yake, saa chache. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba katika saa hizo wanajaza vya kutosha kuwafikisha mbele.

Muhula mpya umeanza wiki hii. Nimetuma maswali yangu matano. Jibu la kwanza limetoka kwa kijana mmoja wa kijiji ambacho ilibidi nikitafute kwenye ramani: "Mwalimu shikamoo. Simu ni ya shangazi. Mtandao unashika saa 11 alfajiri, kabla hajaamka."

Nimeweka kengele ya saa 10.